Kilomita Ni Zile Zile, Saa Hazilingani

Ukianza kazi ya kupanga safari za ndege, utaulizwa kila siku: kutoka kiwanja hiki hadi kile ni kilomita ngapi, na ni muda gani? Husikika kama swali moja. Ni mawili, na la pili ndilo linalokosewa zaidi.

Tuanze na umbali. Njia fupi hufuata mviringo wa dunia, kwa hiyo usipime kwa rula kwenye ramani bapa. Chukua latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili kwa desimali. Zidisha sini (sin) za latitudo zote mbili. Kisha zidisha kosini (cos) zake pamoja na kosini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu hayo mawili, upate kosini ya pembe; bonyeza cos⁻¹ upate pembe yenyewe. Pembe hiyo kwa nyuzi mara 111.2 ni kilomita. Longitudo za magharibi na latitudo za kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, na wengi huisahau. Kikokotoo kikiwa kinatoa pembe kwa radiani (kipimo kingine cha pembe) badala ya nyuzi, jibu halifiki hata kilomita 350. Ukiona namba hiyo kwa safari ya kuvuka bahari, umeshajua kosa liko wapi.

Sasa muda. Kiwanja cha Heathrow, London, hadi JFK, New York, ni kama kilomita 5,540. Jeti ikiwa juu hukata kilomita 850 hivi kwa saa, yaani saa sita na nusu angani. Lakini juu ya Atlantiki ya kaskazini kuna mkondo wa upepo uvumao kutoka magharibi. Ukivuma kilomita 100 kwa saa, ndege inayokwenda London hupata kasi ya 950 na kutumia saa 5 na dakika 50. Inayokwenda New York hubaki na 750, ikatumia saa 7 na dakika 23. Usinakili kamwe muda wa kwenda ukauita wa kurudi.

Tena, ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka maegeshoni hadi inapoegeshwa. Kupanda, kushuka na kutembea ardhini huongeza nusu saa au zaidi, hasa kwenye viwanja vyenye foleni.

Kinachotesa wageni wa kazi hii ni saa za mahali. Kuondoka London 10:00 na kufika New York 13:00 si safari ya saa tatu. Geuza zote ziwe UTC, saa ya pamoja ya dunia, kwanza: wakati wa baridi London iko sawa nayo na New York iko nyuma kwa saa tano, hivyo 13:00 yake ni 18:00, na safari ni saa nane. Machi kuna mtego: Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili, Uingereza Jumapili ya mwisho, katikati hapo tofauti ni saa nne tu.

Na unapomwambia abiria kwa Kiswahili, 10:00 ya tiketi ni saa nne asubuhi. Mwandikie zote mbili.