Kabla Hujahamia Linux, Waulize Unaocheza Nao

Kijana mmoja wa Nakuru ameniandikia akitaka nimchagulie toleo la Linux, mfumo endeshi wa bure wa kutumia badala ya Windows. Laptopu yake ni ya Windows 10, ambayo Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiikubali. Mwisho kabisa, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni, akauliza: "Na Valorant itaingia, kaka?"

Gemu hiyo ya mtandaoni haitaingia, mdogo wangu.

Usidhani nasema hivyo kwa kuichukia Linux. Hapa Kisumu natengeneza kompyuta, na Linux inanilisha. Nimefufua mashine ambazo wenyewe walishazikatia tamaa. Gemu nazo, tangu Valve, kampuni yenye duka la gemu la Steam, ilete Proton mwaka 2018, programu inayoendesha gemu za Windows kwenye Linux, nyingi zinafunguka bila kugusa teminali, lile dirisha la kuandika amri. Nilijigamba sana kwa hilo, hasa mbele ya binamu yangu wa Milimani.

Yeye, mimi na rafiki mmoja aliyehamia Eldoret tulikuwa kikosi cha Jumamosi usiku. Gemu yetu siitaji. Siku moja sasisho likaingia, nikafungua kama kawaida, muziki ukalia, nikabonyeza kuingia uwanjani. Dirisha dogo likatokea, halafu nikajikuta nimerudishwa nje. Kwenye WhatsApp wananiita: "Uko wapi? Tunaanza." Nikasema nipeni dakika. Nilipomaliza kuhangaika, walikuwa wameshapata mtu wa tatu, mtoto wa kidato cha nne, na naambiwa hajui hata kujificha nyuma ya ukuta. Mpaka leo nafasi yangu anayo yeye.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo vijana wengi wanapotea. Wanafikiri ni suala la ujuzi, kumbe ni kinga za kuzuia udanganyifu kwenye gemu. Vanguard, kinga ya Riot, kampuni yenye Valorant, hukaa ndani ya kerneli ya Windows, yaani kiini cha mfumo, na huamka kompyuta inapowaka. Proton hutafsiri maombi ya programu ya kawaida; kerneli ya Windows haina. League of Legends, gemu nyingine ya Riot, ilikuwa ikichezwa kwenye Linux miaka mingi, Vanguard ikaingia 2024, ikaisha.

Kuna kinga nyingine, Easy Anti-Cheat na BattlEye, ambazo tangu 2021 zinaweza kufanya kazi na Proton. Lakini lazima mwenye gemu aruhusu. Fortnite inatumia Easy Anti-Cheat na bado wenyewe hawajaruhusu. GTA Online iliwekewa BattlEye Septemba 2024, wa Linux wakabaki na hadithi ya mchezaji mmoja. Apex Legends iliwakubali, kisha mwishoni mwa Oktoba 2024 ikawafungia, ikisema Linux inawapa wadanganyifu maficho. Kwa hiyo hata gemu inayoingia leo haina ahadi ya kesho.

Basi acheni kudanganywa na video za "mbinu mpya". Ukijaribu kuendesha Windows ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya Linux, ili kuikwepa kinga, unaweza kufungiwa akaunti yenye kila ulichonunua. Uliza kwanza wenzako wanacheza nini. Kisha angalia Are We Anti-Cheat Yet, tovuti yenye orodha ya gemu ambazo kinga zake zinakubali au kukataa Linux; ProtonDB, tovuti ambako wachezaji huripoti gemu zinavyofunguka kwa Proton, peke yake haitoshi, kwa sababu gemu inaweza kufunguka vizuri na bado ikakunyima uwanja wa mtandaoni. Na narudia, uliza wenzako. Vijana tunapenda kuhama kwa fahari, tukifika tunaanza kuwalaumu waliobaki.

Wewe wa Nakuru, usifute Windows. Laptopu ikiwa na nafasi ya diski ya pili, weka Linux huko, kazi zako na pesa zako zikae huko. Windows ibaki ya Valorant tu, na usiingie benki kupitia hiyo.

Mimi nimehamia Dota 2, ambayo ina toleo lake la Linux, sawa na Counter-Strike 2. Nimeshawavuta wawili wa Kondele. Binamu anasema bado anafikiria.