Gesi ya mtungi ikiisha imekwenda wapi?

Mdogo wangu, umeuliza gesi ya mtungi wa kilo 6 huenda wapi, na mbona mlinganyo wa kuungua kwake, C₄H₁₀ (butani, gesi yenyewe) + O₂ (oksijeni) → CO₂ (kaboni dioksidi) + H₂O (maji), unagoma kusawazika, yaani atomi za kila aina kulingana kushoto na kulia. Anza na kaboni: ziko 4, weka 4CO₂. Haidrojeni 10, weka 5H₂O. Oksijeni iache mwisho kwa kuwa iko peke yake. Kulia zimefika 13, yaani 6½O₂. Zidisha vyote kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Ulipokosea ni kugeuza H₂O iwe H₂O₂ ili hesabu ikae. Hayo si maji tena, ni dawa ya kusafishia vidonda! Namba ndogo ya chini haiguswi, unaongeza ya mbele tu.

Tungamo, kwa mpangilio wa mlinganyo huo: gramu 116 + 416 = 352 + 180. Kwa hiyo kilo 6 za butani (ya mtungi huwa na propani pia, tofauti ni ndogo) huchukua hewani kilo 21.5 za oksijeni, na maji yanayotoka ni kama kilo 9.3. Asubuhi ya Julai hapa Moshi, injika sufuria ya maji baridi, washa, kisha chungulia kitako chake upesi: ule unyevunyevu una haidrojeni ya gesi yako.