Ukumbi ubaki, hata kama sinema hairudi

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii ni hili: majumba ya zamani ya sinema yaliyobaki mitaani yafufuliwe, yapewe kazi nyingine, au yavunjwe? Wengi waliokwisha kujibu wanataka yafufuliwe, na karibu kila mmoja amekumbuka foleni ya tiketi, njugu za kukaanga na filamu ya Kihindi ya Jumapili. Ndugu mmoja wa Mombasa amesema kuigeuza sinema kuwa kanisa au duka la samani ni kuitukana historia ya mji.

Naandika kutoka Amu, yaani Lamu, na kwa heshima zote simuungi mkono. Jumba likipata mtu wa kulilipia kodi, awe mchungaji, muuza magodoro au mwenye harusi, na apewe. Mimi nalilia ukumbi: paa pana, na chini hakuna nguzo.

Sababu yangu ni ya kikazi. Napiga video za harusi upande wa wanawake. Siku ya kupamba hakuna mwanamume anayepita mlangoni, na kamera inayoingia lazima iwe mkononi mwa mwanamke, kwa hiyo kazi sikosi. Nafasi ndiyo ninayoikosa. Bibi harusi ameketishwa mwisho wa chumba, wageni wamebanana hadi kwenye ngazi, mimi nimepanda kiti na mgongo umegota ukutani, na bado nusu ya watu hawaingii kwenye picha. Halafu wiki ya pili mtu ananipigia simu kuuliza mbona shangazi yake haonekani.

Kosa si la mwenye nyumba. Nyumba zetu za mawe zimepauliwa kwa boriti za mikoko, na boriti ina urefu wake. Ukitoa kipande kinacholala juu ya ukuta huku na huku, upana wa chumba hauzidi mita 3 hivi. Fundi wa zamani aliweza kuurefusha msana, yaani kile chumba chetu kirefu chembamba, kadiri ya pesa za tajiri wake, kuupanua hakuweza. Hata misikiti yetu ya kale imejaa nguzo katikati kwa sababu hiyohiyo. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na kwa mikoko yote hiyo huwezi kuezeka chumba kimoja cha watu mia nne wakaonana nyuso.

Jumba la sinema lilikuja na jambo ambalo mji wa pwani haukuwa nalo: kenchi za chuma zinazovuka kutoka ukuta hadi ukuta, mabati juu, sakafu inayoteremka kidogokidogo ili wa nyuma aone juu ya kichwa cha wa mbele. Chumba cha namna hiyo kilijengwa kwa faida ya tiketi, wakati tiketi zilipokuwa na faida. Leo hakuna mfanyabiashara atakayekijenga upya katikati ya mtaa, kwenye kiwanja ambacho kingebeba ghorofa tano za kupangisha. Ndiyo maana nikisikia neno "kuvunja" nashtuka kuliko nikisikia "kanisa".

Sinema yenyewe, ile ya mkanda, imekwisha. Mkanda wa milimita 35 hupitisha picha 24 kila sekunde, na rili ya futi 2,000 huisha kwa dakika 20 na ushei. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilifika kwa rili nane au tisa, nzito, zinazobebwa kwenye mikebe ya bati, na ilihitaji mashine mbili ili moja ikimaliza nyingine ishike bila watu kupiga mbinja. Nakala ya filamu ilikuwa ghali, basi ilitembezwa: ikimalizwa mji mmoja inavuka kwenda mji mwingine. Zanzibar kuna nyakati nakala moja ilionyeshwa majumba mawili usiku uleule, na mtu wa baiskeli akikimbiza rili kutoka jumba hili kwenda lile. Biashara nzima ilisimama juu ya kuwa picha haipatikani pengine ila pale.

Kaseti za VHS zilipotoka mwaka 1976 sharti hilo lilianza kuvunjika, na yakafuata yote mnayoyajua: deki, sahani, flashi, simu. Mwaka 2014 Paramount ikawa kampuni kubwa ya kwanza ya Marekani kuacha kuyapelekea majumba ya sinema ya kwao mikanda ya milimita 35. Kwa hiyo anayewaahidi kulifufua jumba la zamani na mashine zake za zamani anawaahidi vyuma chakavu. Na anayetaka kununua mashine mpya ya kidijitali ajiulize nani atamlipa, wakati kijana wa mtaa wetu wa Langoni anaona mechi kwenye banda la video kwa bei ya chai na mandazi, na filamu anayo simuni, tena imesimuliwa kwa Kiswahili cha mzaha na DJ Afro, jambo ambalo Hollywood haijaweza kumpa.

Kisha kuna jambo ambalo katika barua zote nilizosoma halikutajwa. Hiyo sinema inayoliliwa ilikuwa ya nani? Ndugu yangu wa Mombasa anaandika kwamba "sote tulikuwa tukienda". Mombasa na Zanzibar, ni kweli, wenye majumba walikuwa werevu: waliweka maonyesho ya wanawake peke yao, mchana, na mabibi wakajaa na mabuibui yao kuwalilia Raj Kapoor na Nargis. Wangepita mlangoni usiku, katikati ya wanaume, jina la familia lingefika nyumbani kabla yao.

Huku Amu wanawake wa rika la mama yangu hawakufuata sinema. Sinema iliwafuata wao ndani, ikiwa kwenye deki. Miaka ya themanini nyumba yenye televisheni na deki haikukosa wageni alasiri. Mtafiti Minou Fuglesang alikaa na wasichana wa Lamu akiangalia mambo haya haya, na mwaka 1994 akachapisha utafiti wake: jinsi video za Kihindi zilivyoingia kwenye mavazi yao, mazungumzo yao na ndoto zao za mapenzi. Mama hajausoma, na nilipomweleza alicheka sana kwamba Mzungu alifika hadi chuo kikuu kwa ajili ya kaseti zao. Anavyosimulia yeye, walichanga pesa za kukodi kaseti, mlango wa daka, ukumbi wa kuingilia nyumbani, ukafungwa, na mmoja wao aliyejidai anajua Kihindi akawafasiria wote. Miaka mingi baadaye waligundua kwamba alikuwa akitunga. Hadithi zake, anasema mama, zilikuwa nzuri kuliko filamu.

Wavulana nao walikuwa na mabanda ya video, na wanayo mpaka leo. Sina ugomvi nao. Lakini tukisema "turudishe sinema kama ilivyokuwa", kwa nusu ya mji huu tunarudisha mlango uliofungwa. Na huo usiku wa sinema nao haukubaki salama. Tarehe 15 Juni 2014 Mpeketoni iliposhambuliwa, waliokuwa wakitazama Kombe la Dunia walikuwa miongoni mwa walioshambuliwa, na amri ya kutotoka usiku iliyofuata katika kaunti yetu ilikaa miezi. Harusi zilihamia mchana. Biashara ya baada ya Isha ililala.

Basi nirudi kwa kanisa na magodoro. Mjini New York kuna jumba kubwa la sinema lililofunguliwa mwaka 1930, Loew's 175th Street. Mwaka 1969 lilinunuliwa na mhubiri aliyejulikana kama Reverend Ike likawa kanisa. Wapenzi wa sinema wanaweza kununa wapendavyo, lakini waumini ndio walioyatunza yale mapambo ya dhahabu na lile dari, na leo jumba hilo, kwa jina la United Palace, linaonyesha filamu tena na kupigisha muziki. Detroit nako Michigan Theater, la mwaka 1926, liligeuzwa maegesho ya magari: gari linaegeshwa chini ya dari la nakshi lililobomoka nusu. Halikuvunjwa lote kwa sababu kulivunja kungelitikisa jengo la ofisi lililoungana nalo. Hilo silisifu. Linanionyesha tu kwamba mpangaji huyu na yule hawafanani, na kwamba cha kuulizwa ni atalifanya nini paa.

Hapa nyumbani mfano ninaoupenda ni wa Nairobi. Sinema ya Shan, Ngara, sasa ni Sarakasi Dome, mahali pa wanasarakasi na wacheza ngoma. Fikirieni mtu anayerushwa hewani anahitaji nini: urefu wa dari, na asikutane na nguzo njiani. Hawakulipotosha jumba, walilikuta limewangoja. Jumba la Globe, kwa upande mwingine, wengi wetu tunalijua kwa jina la mzunguko wa barabara linaloitwa na makondakta.

Mfano unaonisikitisha uko ng'ambo, Zanzibar. Royal ilifunguliwa mwaka 1921, ikaungua 1954, na mwaka uliofuata Majestic ikasimama mahali pake. Wapo wanaopigania kuiokoa, na Mungu awape nguvu, ila gharama yao ingekuwa ndogo sana kama katikati ya miaka angalau muuza magodoro mmoja angekuwa ndani akiziba mabati yanapovuja. Chumvi ya bahari hailali. Pwani jengo tupu huliwa kuanzia juu, na maji yakishapata njia ya kushuka ukutani, hesabu inabadilika kutoka ukarabati kuwa ujenzi.

Kwa hiyo mwenye jumba la zamani, iwe Mombasa, Malindi au kwingineko, sharti langu kwake ni jepesi. Mpangishe unayemtaka, lakini mkataba useme asiijaze zege ile sakafu ya mteremko. Akitaka sakafu sawa apige jukwaa la mbao juu yake, litakaloweza kung'olewa. Asiweke ghorofa ya vibanda katikati ya hewa, kwa maana hapo atakuwa amelivunja jumba huku kuta zimesimama. Kidirisha cha chumba cha mashine kibaki wazi. Na mifereji ya maji isafishwe kabla ya masika, hili nalisema kwa sauti.

Sisi wa Amu tufanye nini? Mji wa kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na simtakii mtu yeyote banda la chuma katikati ya Mkomani. Tunayo Ngome. Ilimalizwa kujengwa 1821, ikawa gereza hadi 1984, na sasa iko chini ya Makumbusho. Ua wake wa ndani ni mpana, hauna boriti wala kenchi, umeezekwa na mbingu. Zanzibar wana tamasha lao la filamu tangu 1998 na Ngome Kongwe ndiyo sebule yake, kwa hiyo hatutakuwa tumebuni kitu. Shida ni hali ya hewa. Miezi ya kaskazi mambo huwa mazuri. Kusi ikianza kuvuma, kitambaa cha kuonyeshea picha kinageuka tanga, na nimewahi kuona vijana wanne wakikishikilia huku picha ya bwana harusi ikipepea. Mvua nazo hazina haja ya maelezo.

Ndiyo maana bado nataka ukumbi wenye paa, nje ya mji wa kale, tuseme upande wa Wiyoni, wa chuma na mabati, bila aibu. Uwe na milango miwili, kila mmoja upande wake, ili wanawake wasilazimike kupita mbele ya baraza la wanaume kuingia. Kodi itapatikana. Harusi hujaa Shaabani, kabla ya kufunga, na tena kuanzia Mfungo Mosi. Mfungo Sita wageni wa Maulidi wanafika kwa majahazi na mabasi na hawana pa kukaa mvua ikinyesha. Wenye mechi wachukue usiku uliobaki, maana wao ndio walipaji wa uhakika. Alasiri za Jumatano niachieni mimi na projekta yangu: wanawake peke yao, shilingi hamsini mlangoni, na yule mfasiri wa kaseti, ambaye bado yu hai na bado hajui Kihindi, ataingia bure.

Msomaji wenu,
Amu