Maswali Yenu: Hivi manowari zilizikimbia meli kweli?

SWALI (msomaji, Tanga): Shikamoo babu wa maswali. Hapa kijiweni kuna jamaa kakomaa kwamba vita ya pili Waingereza walikuwa wanasindikiza meli za mizigo kwenda Urusi kupitia huko juu kwenye barafu, alafu siku moja manowari zikageuza zikaziacha meli zikaliwa na Mjerumani. Mi nimembishia. Na kingine, meli 30 kwenda pamoja kama mbuzi wa mnadani si ndo kumrahisishia adui?

JIBU: Marahaba mjukuu. Kamlipie jamaa kahawa, kakushinda, ila hadithi yake kaikata katikati.

Nianze na mbuzi. Bahari ni kubwa mno na nyambizi ya zama zile ilikuwa inategemea zaidi macho ya mtu kasimama juu na darubini. Meli 30 zilizokaa karibukaribu zinaonekana kwa umbali uliozidi kidogo tu ule wa meli moja, kwa hiyo ukizitawanya umempa adui nafasi 30 za kubahatisha, ukizikusanya umempa moja, na akishaipata hiyo moja inabidi asogee palepale zilipo manowari zenye vyombo vya kumnasa chini ya maji na mabomu ya kumporomoshea. Ubaya wake ni mwendo. Msafara unafuata meli goigoi kuliko zote, nyingi zilikwenda kama maili 8 za bahari kwa saa, yaani kijana wa mkaa na baiskeli yake anakupita.

Sasa njia yenyewe. Misafara ilianza Agosti 1941, miezi miwili tu baada ya Hitler kuivamia Urusi. Meli zilitokea Iceland, baadaye Scotland, kwenda Murmansk na Archangel, bandari za Urusi, zimejaa vifaru, ndege, malori, mpira, mpaka viatu na nyama ya kopo. Mkono wa kulia una Norway ambayo Mjerumani kashaikalia, ana viwanja vya ndege na manowari zake mle, mkono wa kushoto una barafu. Kiangazi barafu inarudi nyuma unapata nafasi ya kujitenga na Norway, lakini jua halizami kwa hiyo ndege zinakupiga saa 24. Majira ya baridi giza linakuficha, lakini barafu nayo inashuka inakusukuma mpaka mlangoni kwa Mjerumani. Chagua mwenyewe.

Na hapo hujagusa maji. Wimbi likirukia sitaha linaganda hapohapo, kwenye kamba, kwenye mizinga, kila mahali, na barafu ikizidi huko juu meli inakuwa nzito kichwani inaweza kubinuka, so mabaharia walikuwa wanatoka na mashoka na nyundo kuibomoa huku meli inayumba. Ukishika chuma bila glavu, ngozi inabaki kwenye chuma. Ukidondoka baharini una dakika chache tu.

Haya, siku ya jamaa yako ni tarehe 4 Julai 1942, msafara unaitwa PQ17. Mjerumani alikuwa na limanowari lake Tirpitz kalificha kwenye ghuba za Norway, na kule London mkuu wa jeshi la majini, Dudley Pound, akaamini limeshatoka linakuja. Usiku ule ndani ya dakika 25 zikaingia amri tatu kwa redio: kruza, yaani manowari kubwa zilizokuwa zinaukinga msafara, zirudi magharibi kwa kasi, msafara usambae, kisha msafara utawanyike kabisa. We jiweke kwenye nafasi ya Jack Broome, kiongozi wa destroya, zile manowari ndogo za kasi zilizokuwa zinausindikiza msafara, unasoma amri tatu zinafukuzana hivyo, utajua nini zaidi ya kwamba Tirpitz inatokeza sasa hivi? Akachukua destroya zake akaungana na kruza, akijua anaenda kupigana. Hakukimbia, alikuwa anakimbilia vita ambayo haikuwepo, maana Tirpitz ilikuwa bado imetulia Norway, ikatoka kesho yake ikazunguka kidogo ikarudi.

Huku nyuma nyambizi na ndege zikawa zinaokota meli mojamoja kama embe zilizodondoka. Jumla meli 24 za mizigo zilizama, mabaharia wake 153 wakafa, vifaru 430 na ndege 210 vikaenda chini. Mi lawama zangu zote ziko kwa aliyekaa mezani London. Kutawanyika kuna maana kama adui mmoja mkubwa unamwona kwa macho, sio kwa kuhisi.

Lakini sio wote waliachwa. Kulikuwa na Ayrshire, chombo cha kuvulia samaki kilichofungwa silaha, nahodha wake Leo Gradwell kabla ya vita alikuwa mwanasheria. Huyu akachukua meli tatu za mizigo, badala ya kuikimbia barafu akaziingiza ndani yake. Meli moja, Troubador, ilikuwa imebeba rangi nyeupe, basi watu wakashika brashi wakapaka meli nyeupe, wakatandaza mashuka, na vile vifaru vya kupelekwa Urusi vilivyokuwa juu ya sitaha wakavitia risasi, mizinga inatazama nje, liwalo na liwe. Wakatulia humo mpaka hatari ikapungua, alafu wakafika Urusi wote wanne wazima.

SWALI (msomaji, Mwanza): Kama ni baridi hivyo, bandari haigandi?

JIBU: Archangel inaganda. Murmansk ambayo iko kaskazini zaidi haigandi, maana kuna mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki unafika mpaka pale. Ila maji hayo yakikutana na ya baridi yanakaa kwa matabaka, mlio wa chombo cha kutafutia nyambizi unapinda humo, na nyambizi inajibanza chini yake haisikiki.

SWALI (msomaji, Mombasa): Na huku kwetu kulikuwa na misafara, au ni mambo ya wazungu tu?

JIBU: Ilikuwepo mwanangu, na hapo kwenu Kilindini ndipo kikosi cha manowari za Waingereza kilipohamia 1942 baada ya Mjapani kuipiga Ceylon, Sri Lanka ya leo. Februari 1944 ukatoka msafara hapo kwenda Colombo, ndani yake meli ya askari Khedive Ismail, imebeba kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, mabaharia, na manesi. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikaipiga torpido, bomu linalokwenda ndani ya maji, ikazama chini ya dakika mbili, wakafa 1,297. Waliosalia wakawa wanaelea, na nyambizi ikawa iko palepale chini yao. Destroya mbili zilizokuwa zinasindikiza, Petard na Paladin, zikawa na meli nyingine nne za askari za kulinda. Petard ikadondosha mabomu yake, watu wakiwa bado majini.