Muulizeni Bi Mkubwa: Chagua chumba kwanza, hoteli baadaye

Kwa miaka 17 nilikuwa msimamizi wa vyumba katika hoteli moja ndogo ya Mji Mkongwe, Unguja. Vyumba 12, ngazi moja, funguo za shaba zinazotoboa mifuko. Nimestaafu, nakaa Michenzani, na mwezi huu barua zote tano mlizoniletea zinahusu mambo niliyoyafagia kwa mikono yangu.

Shikamoo Bi Mkubwa. Mwezi wa nane mimi na mke wangu tunatimiza miaka 10 ya ndoa. Tukisafiri tumezoea gesti za elfu 40. Sasa mwenzangu ameona picha za hizi wanazoziita hoteli za butiki huko Unguja, usiku mmoja laki 3 na nusu. Mimi butiki najua ni duka la magauni. Kuna nini humo, au tunalipia vitanda vya kuchonga? – Baba wa watatu, Mwanza

Marahaba mwanangu. Usione haya, hata mimi siku ya kwanza kazini nilimuuliza meneja magauni yako wapi. Wanakusudia hoteli ndogo yenye vyumba vichache, kila kimoja kimepambwa kivyake. Na hilo la kivyake ndilo tamu yake na ndilo balaa lake.

Katika hoteli kubwa, chumba 204 na 304 ni pacha. Kwetu hakuna pacha. Nyumba hizi nyingi zilijengwa karne ya 19 na matajiri wa karafuu na biashara za bahari, wakae wao na jamaa zao, si wageni wa kulipa. Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na mkoko haurefuki kwa kuombwa, kwa hiyo vyumba vingi vina upana wa mita 3 hivi tu, halafu urefu kama behewa la treni. Sasa chukua chumba hicho, weka kitanda cha samadari cha watu wawili na neti yake. Anayelala upande wa ukutani, akitaka kwenda chooni usiku, atambae miguuni pa mwenzake.

Na choo chenyewe ni mgeni humo ndani. Zamani hapakuwa na bafu chumbani. Fundi amekuja juzi, kakata kona, na kwa kuwa bomba halina pa kupita ila juu ya sakafu ya zamani, bafu limeinuliwa likawa na kidato. Chumba chetu namba 5 kilikuwa na kidato cha kunifika katikati ya muundi. Nimewapaka mafuta ya karafuu vidole vya miguu wageni wa mataifa ambayo sijui yako upande gani wa ramani.

Kwa hiyo usiulize "mna nafasi?" Karibu wote wanajibu kwa WhatsApp siku hizi. Waambie wakutumie picha za chumba hichohicho utakacholala, na moja ipigwe kutoka kitandani kuelekea dirishani. Picha za kwenye mtandao hupigwa mpigaji akiwa amejibana kwenye pembe ya mlango, chumba kinaonekana uwanja. Kutoka kitandani utaona kama dirisha linatazama bahari, kichochoro au ukuta wa jirani. Vichochoro vyetu ni vyembamba. Kuna dirisha moja pale kwetu ambalo mgeni aliweza kumpa jirani chumvi bila kunyoosha mkono.

Uliza na jenereta ilipo. Umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na nilikuwepo kazini waya ulipokufa Desemba 2009, tukakaa miezi mitatu mpaka Machi 2010. Hapo ndipo nilipojua nani kajenga vizuri. Vyumba vya kati, vyenye kuta nene na madirisha pande mbili, watu walilala bila kiyoyozi wala pangaboi. Chumba kilichopendwa kuliko vyote kwenye picha, kile cha juu kabisa chenye paa la bati, wageni walitoka usiku na mito yao wakaja kulala barazani. Na chumba kilichokuwa juu ya jenereta hatukukiuza kabisa.

Ukifika, kabla hujafungua begi, tazama ukuta chini, karibu na sakafu. Rangi ikiwa imevimba na kumwagika unga mweupe, hapo pana unyevu na chumvi. Mara nyingi ni kwa sababu mtu kapaka saruji juu ya chokaa. Chokaa inapumua, saruji haipumui, maji yanabaki ndani ya ukuta yakitafuta pa kutokea. Harufu yake utaijua, kama kanga iliyokunjwa ikiwa mbichi. Omba kubadilishiwa palepale. Kesho watakwambia hoteli imejaa.

Je, ni halali ya laki 3 na nusu? Kwa chumba kizuri, ndiyo. Nyumba nzito namna ile, usiku, milango mikubwa ikifungwa, ina kimya ambacho gesti haikupi. Kwa chumba kibaya cha hoteli hiyohiyo, bora gesti yako. Na mwezi wa nane Wazungu wako likizo, bei iko juu. Uliza bei ya wakaazi, na uiulize mwanzo wa mazungumzo, si mwisho. Pesa ikibana, laleni siku 2 badala ya 3, lakini msishuke kwenye chumba cha "nafuu" cha nyuma. Nakijua, nilikuwa nahifadhi magodoro humo.

Bi Mkubwa, shikamoo. Nataka kumleta mama yangu, ana miaka 70 na magoti yanamsumbua. Kijana wa mapokezi wa hoteli niliyoipenda anasema "ngazi chache tu". Nimwamini? – Binti yake, Morogoro

Usimwamini. Si kwamba anadanganya, kijana wa mapokezi ana miaka 22, kwake hizo ni chache. Sisi tulikuwa na vidato 61 kutoka mlangoni hadi paani, nilivihesabu kwa sinia la chai mkononi, na si vidato vya kawaida. Kila kimoja kinataka uinue goti kana kwamba unapanda jahazi. Chai ya asubuhi huandaliwa wapi? Paani. Ndiko kwenye upepo na ndiko kwenye picha.

Utasema basi achukue chumba cha chini. Hapo napo kuna jambo. Nyumba hizi, chini palikuwa maduka na ghala, watu waliishi juu kunakopita upepo. Vyumba vya chini vina kiza, vina unyevu, na nje ya dirisha ipo baraza ambapo wazee wetu wanazungumza mpira na siasa mpaka saa 6 usiku. Mama atawasikia kila neno. Pengine atafurahi, sijui mama yako ni mtu wa namna gani.

Ningekuwa wewe ningeomba ghorofa ya kwanza, nikauliza idadi ya vidato kwa namba, na nikasema tangu mwanzo kuwa chai iletwe chumbani. Wataileta. Tulikuwa tunapeleka kila siku na hakuna aliyenung'unika, ila mimi siku ya baridi yabisi. Hoteli kubwa chache za ufukweni zina lifti, kama bajeti inaruhusu. Jioni mpeleke Forodhani, ni tambarare, viti vipo, akae ale urojo wake.

Tunashuka kwa boti na watoto wawili na mabegi manne. Hoteli iko ndani ya vichochoro. Teksi itatufikisha? – Dodoma

Haitafika. Itawaacha barabarani, kilichobaki ni miguu. Iambieni hoteli saa ya boti yenu, waje kuwapokea bandarini Malindi na mtu wa mkokoteni. Karibu zote hufanya hivyo, na wengi hawaombi hela, mpeni chochote yule wa mkokoteni.

Pale bandarini mtakutana na papasi, yaani dalali wa mitaani anayewinda wageni. Atawaambia hoteli yenu imefungwa, imeungua, ina kunguni, na yeye anayo nyingine ya mjomba wake. Hotelini kwetu tumeungua mara nyingi sana kwa midomo ya papasi. Msigombane naye, mwambieni mnasubiriwa, mwendelee.

Assalaam alaykum. Mimi nimezaliwa Maskati, lakini mama yangu ni wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe. Aliondoka 1964 akiwa na miaka 9. Tumesikia nyumba ya babu sasa ni hoteli. Nataka kumleta alale humo. Tuseme sisi ni nani, au tuingie kama wageni wengine? Wapo wanaotuambia tukisema, watadhani tumekuja kudai. – Mwana wa Unguja, Oman

Waalaykum salaam, mwanangu. Semeni.

Baada ya Mapinduzi nyumba nyingi zilichukuliwa na serikali, zikagawiwa watu kukaa, familia nne tano nyumba moja. Miaka ilipopita, utalii ulipoanza, baadhi zikakodishwa kwa wenye hoteli. Aliyepo leo mapokezi hajui lolote kati ya hayo, na mwenye hoteli naye mara nyingi hajui alichokikodi zaidi ya namba ya kiwanja. Mama yako ndiye anayejua. Mtu kama huyo ni wa kutunzwa na kupewa chai, si wa kuogopwa.

Nikupe kisa. Alikuja mzee na mjukuu wake wa kike, kanzu nyeupe, bakora. Akaagiza kahawa, hakuinywa. Akaniuliza, "Kisima kiko wapi?" Nikamwambia baba, hapa hatuna kisima. Akasimama chini ya ngazi, akahesabu hatua kuelekea ukumbini, saba, akagonga sakafu kwa bakora penye chungu chetu kikubwa cha asumini. Tukakisogeza mimi na kijana wa bustani. Chini palikuwa na bamba la jiwe lenye pete ya chuma, ambalo mimi miaka 9 nililipiga deki nikidhani ni mfuniko wa mtaro. Hatukuweza kuliinua. Akaomba kikokoto, akakidondosha kwenye ufa. Tukasikia maji.

Akamwambia mjukuu wake, "Nilitumbukiza humu sahani ya mama, nikasema paka." Akacheka mpaka bakora ikamponyoka.

Tangu siku ile chungu hakikurudi pale. Na meneja, ambaye alikuwa mgumu wa pesa kuliko wote niliowahi kuwafanyia kazi, hakumtoza ile kahawa.

Sasa nasaha yangu, na hii ni ya mtu wa vyumba. Usimlaze mama kwenye chumba kilichokuwa cha wazazi wake. Atakuta kiyoyozi ukutani, na pengine bafu la vioo pale alipokuwa akitandika msala bibi yako. Mchana mtu anastahamili, usiku ni mgumu. Chukueni chumba kingine ndani ya nyumba hiyo, halafu muombe kuingia hicho wageni wakiwa wametoka na wengine hawajafika, yaani kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Muombeni msimamizi wa vyumba, si meneja. Funguo anazo yeye. Asubuhi vijana wa mapokezi wanahangaika na bili, msiwaanzie historia. Andikeni wiki mbili kabla, semeni jina la babu na mwaka, na semeni wazi mnakuja kulala na kutazama. Mkiwa na picha ya zamani ya nyumba, hata ya harusi iliyopigwa mlangoni, leteni nakala muwaachie. Wataitia fremu siku hiyohiyo, na nyie mtakuwa mmeweka kitu chenu ukutani.

Bakshishi tumwachie nani, na wapi? Kuna sanduku mapokezi, lakini nasikia haliwafikii wote. – Tanga

Umesikia vizuri. Sanduku linagawiwa, ndiyo, lakini anayeonekana hupata zaidi ya asiyeonekana. Aliyebeba begi lako umemwona, aliyekuletea juisi umemwona. Aliyefua shuka zako yuko uani nyuma, na mkiamka ameshafika, mkirudi ameshatoka. Pale kwetu mfuaji alikuwa mwanamke wa Makunduchi aliyekuwa akiondoka kwao saa 10 alfajiri kuwahi daladala, na miaka yote hiyo sikumbuki mgeni aliyemuuliza jina.

Kwa hiyo sehemu weka sandukuni, sehemu acha chumbani. Ila usiiweke chini ya mto wala ndani ya droo. Pesa iliyokutwa chini ya mto ni mali iliyosahauliwa, sisi tunalazimika kuipeleka mapokezi ikaandikwe kwenye daftari, na huko inalala. Iweke juu ya meza, mahali pa wazi, na juu yake karatasi umeandika "ahsante, ya mfuaji na wa chumba". Bila karatasi hakuna atakayeigusa, si kwa uaminifu tu, kwa kuogopa.