Babu alichimba sandarusi, mbona miti haipo?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi natokea Kilwa, babu anasema zamani walikuwa wanachimba sandarusi hapa hapa kwenye shamba letu la mihogo na kweli nikilima nakutana na vipande vya njano vigumu, ila msandarusi wenyewe sijauona hata mmoja. Ntajuaje kama ilikuwepo kweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yuko sahihi, vile vipande ni utomvu wa misandarusi iliyokufa zamani sana ukabaki udongoni, ndo ile sandarusi ya kuchimba wafanyabiashara walikuwa wanaigombania kwa ajili ya vanishi, ile mbichi ya kwenye mti wakiiita chakazi na bei yake ilikuwa chini. John Kirk, daktari Mskoti aliyekuwa mtaalamu wa mimea, alipokuwa Zanzibar miaka ya 1860 alikuta majani na maua ndani ya ile ya kuchimba, akaona ni ya mti huu huu.

Sasa kwa miti yenyewe tafuta rekodi za hebaria, yaani pale wanapotunza matawi yaliyokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi. Ya Nairobi ilianzia Amani, kule Tanga, mwaka 1902, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nao wanayo. Siku hizi rekodi nyingi ziko mtandaoni, ila ukiandika jina moja tu utakosa nyingi, jina la kitaalamu la mti huu sasa ni Hymenaea verrucosa lakini karatasi za zamani zimeandikwa Trachylobium, kwa hiyo tafuta yote mawili.

Ukifungua picha utaona jani lenye vipande viwili kama kwato ya mbuzi, na tunda lina vinundu vinundu kama chunjua, humo ndani mna utomvu. Lakini we usiishie kwenye jani, soma lebo pale pembeni, nani alichuma, lini, kijiji gani, maana hapo ndo penye jibu lako. Lebo ikisema Zanzibar tu bila kijiji nenda nayo taratibu, sandarusi ya bara yenyewe ilikuwa inaitwa ya Zanzibar kwa sababu ilipakiliwa huko. Na usipokuta rekodi ya kwenu usiseme babu kadanganya jamani, pengine hakuna aliyewahi kufika hapo na kuchuma.

Ukija kuupata mti popote jirani, chuma tawi lenye majani na maua au tunda, libane katikati ya magazeti, badilisha magazeti kila siku mpaka likauke. Andika hapo hapo urefu wa mti, rangi ya ua, na utomvu ukoje gome likichubuliwa, mana tawi likishakauka hayo yote hayaonekani tena. Halafu muulize babu jina la kitongoji walichokuwa wanachimba, lile la zamani, uliandike nalo kwenye lebo.