Re: Forodhani na michoro ya mitaani Mji Mkongwe
Mdau umeuliza kama Forodhani, ile bustani ya pwani Mji Mkongwe Zanzibar panapouzwa vyakula usiku, panafaa kwenda na familia, na ile michoro watu wanayosifia iko wapi. Panafaa sana! Nendeni magharibi ikishaingia, anzeni na urojo maana ule mchuzi mchachu wa embe ukiwa wa moto na bajia na chipsi za muhogo juu yake mi sijaona mfano wake, halafu watoto wasimame wamwangalie fundi wa pizza ya Kizanzibari anavyouvuta unga mpaka unakuwa mwembamba kama karatasi, anaweka nyama ya kusaga, kitunguu na yai, anakunja, kaangoni. Ila mishikaki ya pweza ulizia bei kwanza, wageni wanapigwa sana pale. Michoro nendeni mchana, uchochoro wa Gizenga na Hurumzi, picha za tingatinga (ule uchoraji wa rangi kali wenye wanyama) zimetundikwa ukutani nje kabisa na wachoraji wengine wanachora palepale, ongeeni nao.